Doa Katika Pengo la Vumbi: Maisha ya Dada Yetu

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, poleni na asanteni. Mimi ni mdogo wake, wa tatu katika watoto wanne, na ndiye niliyepewa kazi ya kusoma maisha yake. Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Ule wa kwanza niliumaliza haraka, kwa sababu ulikuwa sifa tupu. Shemeji yangu, mume wa marehemu, aliusoma akiwa amesimama, akanirudishia na kuniambia kwa upole kwamba huyo mwanamke hamjui. Basi nikaanza upya, na safari hii tulikaa wote watatu, yeye, binti yao na mimi. Yamo humu mambo yaliyotugombanisha. Wenyewe wamekubali yasomwe.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1968, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili. Baba yetu alikuwa fundi wa kupaka magari rangi. Mama yetu, ambaye yuko hapa mbele, alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Tuliishi nyuma ya gereji, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: baba akipaka rangi, hakuna kufagia, hakuna kukimbizana, hakuna kukung'uta nguo uani, kwa sababu punje moja ya vumbi ikitua kwenye rangi mbichi kazi inaanza upya. Dada ndiye aliyewekwa kuwa askari wa sheria hiyo. Aliisimamia kwa ukali mpaka tukampa jina la Vumbi, na jina likamganda. Miaka mingi baadaye wanafunzi wake chuoni walimwita Mama Vumbi wakidhani ni kwa sababu ya utafiti wake, naye hakuona haja ya kuwasahihisha.

Tangu utotoni hakuamini kitu alichokifanya mara moja tu. Akifunga mlango, analala, anainuka, anakwenda kuutikisa, anarudi. Halafu anakwenda tena. Baba alikuwa akimwuliza kutoka chumbani kama mlango anaufunga au anaubembeleza. Sisi tulicheka, lakini alikuwa haigizi. Kukosea kulimtia hofu ya kweli, hofu ya kumkosesha usingizi, na mtu asiyejua hilo hatayaelewa yaliyokuja kumpata.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na soko kuanzia mwaka 1975, na mwaka 1982 akaingia sekondari ya bweni ya wasichana. Huko ndiko alikokutana na nyota, na alikutana nazo kwa njia ya ajabu kidogo. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu kimoja tu cha elimu ya anga, na sura ya jinsi sayari zinavyozaliwa ilikuwa imechanwa yote. Akamfuata mwalimu wa fizikia kumwuliza sura ile ilisema nini. Mwalimu akamjibu kwamba asihuzunike sana, maana hata aliyeiandika alikuwa anakisia, hakuna anayejua kwa hakika. Dada alitusimulia kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kumsikia mtu mzima akisema hatujui bila kuona aibu, na kwamba alitoka pale amekwisha kuamua maisha yake. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Alijiunga na chuo kikuu mwaka 1988 na kumaliza shahada ya kwanza mwaka 1991 kwa daraja la juu. Mwaka 1993 alikwenda ng'ambo kusomea uzamivu, akarudi nao mwaka 1997, akiwa amejifunza kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Naomba niieleze kama alivyonieleza mimi, ambaye ni wakala wa bima na si mwanasayansi. Nyota ikiwa changa huzungukwa na sahani pana ya vumbi na gesi. Ndani ya sahani hiyo ndimo sayari zinamozaliwa, hasa zile kubwa, majitu ya gesi. Jitu likikua hufagia njia yake kwenye vumbi, na ukipiga picha unaona pengo jeusi, kama mfereji uliochimbwa kuizunguka nyota. Pengo ni rahisi kuliona. Aliyelifagia ndiye mgumu, kwa sababu mwanga wa nyota unamfunika kama taa za gari zinavyomfunika mtu aliyesimama pembeni yake. Ndani ya darubini huwekwa kizuizi kidogo cha kuikinga nyota, kisha kompyuta huondoa mwanga uliobaki, na baada ya miezi ya kazi huenda likabaki doa dogo. Kazi ya dada yangu ilikuwa kusema doa lile ni nini.

Mwaka 1998 alianza kufundisha katika chuo chetu, ofisi yake ikiwa ghorofa ya tatu, chumba chembamba alichogawana na mashine ya kunakilia. Lifti ya jengo lile ilikuwa na mambo yake. Siku moja ilimfungia ndani, akaletwa fundi kumtoa. Fundi alipofungua mlango, yule mwalimu badala ya kukimbia alitaka kujua kwa nini lifti haikuanguka, na breki zake zimekaa wapi, na nani anazikagua. Fundi huyo ndiye shemeji, naye husema alimtoa mtu kwenye lifti akaishia kuingizwa yeye. Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1999. Binti yao wa pekee alizaliwa mwaka 2001. Nyumba yao ilikuwa na utani mwingi na ratiba ngumu, na huyu binti alikua akijua kwamba kuna siku mama yupo mezani lakini hayupo.

Mwaka 2011 alikuwa katika kundi la watafiti wa nchi kadhaa waliopata picha ya nyota moja changa. Katika pengo la vumbi lake palikuwa na doa. Kundi lilishangilia. Yeye alitaka picha ya pili, kwa kuwa doa linaweza kuwa sayari, linaweza kuwa nyota ya mbali iliyojitokeza kwa nyuma, linaweza kuwa bonge la vumbi, au kasoro ya kamera. Kiongozi wa kundi alimpigia simu akamwambia kwamba kuna kundi jingine linaiangalia nyota hiyo hiyo, wakisubiri watakuwa wa pili, na wa pili hakumbukwi na mtu. Alivutana naye kwa wiki kadhaa. Mwisho akatia saini.

Mwaka 2012 tangazo likatoka. Wengi wenu mnaikumbuka furaha ile. Chuo kilitundika bango getini lenye sura yake, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Mama alikusanya magazeti. Baba alikuwa ametutoka mwaka 2009, na mama alisikitika kwamba hakuiona siku ile. Dada alitabasamu kwenye picha zote, na nyumbani akarudia kuangalia hesabu zake.

Mwaka 2015 ilipatikana kamera mpya, na wakaweza kupima rangi za mwanga wa lile doa. Jitu changa bado lina joto la kuzaliwa kwake, kwa hiyo lazima litoe mwanga wake lenyewe. Doa lile halikuwa na mwanga wake. Lilikuwa linarudisha mwanga wa nyota, kama ukuta mweupe unavyorudisha mwanga wa taa. Lilikuwa bonge la vumbi.

Wenzake walimshauri anyamaze. Hakuna aliyewauliza, walisema, acha wengine wagundue wenyewe, itapita kimya kimya. Mkuu wa idara wa wakati ule alimwita ofisini na kumkumbusha kwamba wiki iliyofuata walikuwa wanakuja wageni waliokusudia kujenga maabara mpya, na walikuwa wanakuja kwa sababu ya bango lile.

"Nipe mwezi mmoja tu," alimwambia. "Bango liko getini, wewe unataka niseme nini?"

"Bango likishuka, geti litabaki," dada akamjibu.

Hakumpa mwezi. Siku tatu baadaye alisimama katika ukumbi ule ule alimotangazia, akaonyesha picha ile ile, na kusema: "Niliwaambia hii ni sayari. Hili ni vumbi. Nilikosea." Nilikuwa nimekaa nyuma. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata mtu aliyekuwa akikohoa alijizuia. Alikusanya vitu vyake mwenyewe, akashuka jukwaani, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mgonjwa.

Aliyalipia. Maabara ilijengwa chuo kingine. Kundi lake halikumfukuza, liliacha tu kumjibu. Muda wa kutumia darubini kubwa huombwa na kugombaniwa, na kwa miaka mitatu kila alipoomba alinyimwa. Gazeti moja liliandika kwamba sayari yetu imeyeyuka. Dukani walimwuliza, "Mwalimu, ile sayari umeiweka wapi?" naye akawajibu kwamba imerudi kwao, halafu akafika nyumbani akajifungia bafuni. Bango likabaki getini, kwani kila aliyeambiwa alishushe alisema si kazi yake. Mwishowe shemeji alikwenda na ngazi yake na mkanda wake wa kazini, akalishusha, akalikunja. Lilifunika gari lao kwa miaka minne, sura ikiwa imegeuzwa ndani. Mwenyewe ndiye aliyeomba igeuzwe.

Mwaka 2018 alianza tena na kundi dogo jipya. Ndipo alipompata mwanafunzi wake wa uzamivu, mama wa mapacha aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari. Wote tunamwita Mwalimu, na yupo hapa leo. Mwezi wa Mei 2021 wawili hawa waliiangalia nyota nyingine kabisa, yenye pengo pana kwenye vumbi lake. Katika pengo hilo palikuwa na doa, na safari hii rangi za mwanga zilikuwa zinaelekea kwenye joto.

Hakumwambia mtu. Shemeji alijua tu kwamba kuna jambo, maana mkewe alianza kula akiwa amesimama. Walichohitaji ni picha ya pili baada ya miaka michache. Kama ni nyota ya nyuma, ingeachwa nyuma huku ile yetu ikisogea. Kama ni sayari, ingekwenda pamoja na nyota yake, na pia ingekuwa imesogea kidogo katika kuizunguka. Nyota ile huonekana vizuri mwezi wa Mei. Waliomba Mei 2022, wakanyimwa. Mei 2023 walipewa, mawingu yakafunga mlima mpaka muda wao ukaisha. Mei 2024 wakapewa tena, na huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa ufadhili wa Mwalimu. Baada ya hapo angerudi kufundisha mikono mitupu.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo dada alianza kuchoka. Alisingizia ngazi za ghorofa ya tatu. Mwezi wa Machi 2024 vipimo vilionyesha uvimbe kwenye utumbo mpana, na daktari wa upasuaji akampangia Jumatatu, tarehe 6 Mei. Muda wa darubini ulikuwa Alhamisi, tarehe 9.

Alikwenda kwa daktari peke yake akaomba upasuaji usogezwe wiki moja. Daktari hakupenda. Alimwambia kwamba wiki moja huenda isiwe kitu, ila asimtake aahidi. Dada akakubali kwa masharti hayo, akarudi nyumbani, na kutuambia kwamba chumba cha upasuaji kimejaa.

Binti yake alikuwa akifanya mazoezi ya ufamasia katika hospitali hiyo hiyo. Ilimchukua mazungumzo mafupi tu na muuguzi wa chumba cha upasuaji kujua kwamba Jumatatu hapakuwa pamejaa. Alifika nyumbani Jumamosi mchana na koti lake la kazini mwilini. Nilikuwa jikoni namsaidia shemeji kurekebisha bomba la sinki, na hakuna aliyetuomba tutoke.

Binti hakupaza sauti. Alimwuliza mama yake kama ni kweli. Dada akasema ni kweli.

"Nyota haiendi popote, mama," binti akasema.

"Nyota haiendi. Nafasi ndiyo inayokwenda."

"Na wewe?"

Dada alijaribu kumweleza habari za Mwalimu na ufadhili wake, na kwamba mwaka ujao hawana uhakika wa kupewa, na kwamba mtu aliyekwisha kukosea mara moja hapewi nafasi nyingi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba tangu akiwa mdogo alikuwa anapangwa baada ya vumbi, na hilo alilizoea, lakini hakujua kwamba mama yake naye anajipanga baada ya vumbi. Akachukua mkoba wake akatoka. Shemeji alibaki ameshika spana. Akamwambia mkewe, kwa sauti ndogo sana, kwamba uamuzi ni wake, lakini uongo wake umewabebesha wote, na kwamba hataki kudanganywa tena. Dada alisema hatarudia. Hakuna aliyekula mezani siku ile.

Alhamisi nilimpeleka chuoni mimi, nikabeba mto wa kuweka kwenye kiti. Darubini iko juu ya mlima mkavu upande wa pili wa dunia, kwa hiyo huko kulikuwa giza na huku kwetu ilikuwa asubuhi, watu wako koridoni wanasubiri kunakili mitihani. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kompyuta. Kwenye kona ya skrini alionekana mwendesha darubini, mtu mwenye sweta nene, na pembeni namba moja ambayo wote wawili hawakuiondolea macho. Ilikuwa kasi ya upepo. Ikipita kiwango, kuba la darubini hufungwa, na mjadala hakuna.

Ilikuwa imepita.

Tulikaa. Mwalimu alizungusha kalamu mpaka ikamtoka mkononi. Dada alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikajua ni maumivu. Nikampa dawa. Akaikataa kwa sababu inamtia usingizi. Mwalimu akageuka, akamwambia kwamba kama ni kwa ajili yake, basi waache, yeye anaweza kurudi darasani na maisha yakaendelea. Dada alimwambia atazame namba.

Namba ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mwendesha darubini akasema anafungua. Ndipo kazi ikaanza kwenda mbio: nyota ikatafutwa, kizuizi kikawekwa, picha zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Mimi niliona duara la kijivu tu, kama alama ya kikombe mezani. Nikauliza doa liko wapi. Dada akasema halionekani leo, wala kesho, mpaka miezi ya kusafisha. Picha ziliendelea kuingia. Kisha upepo ukarudi, na kuba likafungwa kabla ya muda wao kwisha.

"Zinatosha?" nilimwuliza.

"Sijui," akasema, na hapo ndipo akameza dawa.

Alifanyiwa upasuaji Jumatatu, tarehe 13 Mei. Daktari alitoka na kutuambia kwamba uvimbe umeondolewa, lakini ugonjwa ulikwisha kufika kwenye ini. Binti ndiye aliyeuliza, mbele yetu sote, kama wiki ile moja ingebadilisha chochote. Daktari alivua kofia yake. "Siamini," alisema. "Kitu kama kile hakijengwi kwa wiki moja. Lakini sitaapa." Binti akaitikia kwa kichwa, akashukuru.

Kwa miezi iliyofuata binti huyu ndiye aliyemhesabia mama yake dawa, akamsafisha, akagombana na watu wa bima, nami niliyemo katika biashara hiyo nilimwogopa. Hakukosa siku. Lakini habari ya ile wiki hawakuigusa. Walizungumza juu ya chumvi, shuka na hali ya hewa. Ukiingia chumbani mwao ulikuwa unasikia jambo lile limekaa katikati yao kama mgeni asiyeaga.

Tarehe 22 Januari 2025 alilazwa kwa mara ya mwisho. Jumanne, tarehe 28, Mwalimu alikuja wodini na kompyuta yake, akaifungua juu ya kitanda. Doa lilikuwepo. Lilikuwa limekwenda pamoja na nyota yake, na lilikuwa limesogea kidogo, kwa upande uliotarajiwa. Mkuu wa kundi, mwanamke wa nchi ya mbali aliyemheshimu sana dada, alipiga simu akasema watatangaza Ijumaa ileile, ili mwenyewe asikie.

Dada alitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Mwalimu azigawe picha zote za Mei mafungu mawili na kuyasafisha kila moja peke yake. Kama doa ni la kweli, lazima liwepo pande zote mbili. Mwalimu alifanya kazi hiyo kwenye benchi la koridoni, kompyuta magotini, manesi wakiuruka waya wake. Kesho yake mchana alirudi. Fungu la kwanza lilionyesha doa bila shaka. Fungu la pili, lile lililopigwa upepo ukirudi, lilionyesha kitu hafifu, mahali pale pale, ambacho ungeweza kukiita doa na ungeweza kukiita chengachenga za picha.

Simu ilikuwa wazi, mkuu wa kundi akisubiri.

"Bado," dada akasema.

Mkuu wa kundi alimwambia kwa uangalifu kwamba hakuna mtu angewalaumu, kwamba ushahidi ulikuwa mzuri kuliko wa makundi mengi, na kwamba walitaka sana yeye awepo. Dada alivuta pumzi mara mbili. "Msinizawadie," akasema. "Angalieni tena." Kisha akaomba Mwalimu aandike tasnifu ya shahada yake kwa kilichopo, pamoja na shaka yake, kwani hata hivyo ni kazi iliyokamilika. Hilo kundi limelikubali.

Ijumaa, tarehe 31, binti alikuwa peke yake na mama yake. Yaliyosemwa ameniruhusu niyasome. Alimwuliza kama alijua kwamba wiki ile ingeweza kumgharimu. Mama akasema alijua. Akamwuliza kama angefanya hivyo tena. Dada akasema, "Sijui, mwanangu. Kila siku nalirudia, na silipati jibu. Kukudanganya ndiko nisingerudia." Binti anasema hilo halikuwa jibu alilolitaka, ila ndilo pekee ambalo angeweza kuliamini. Akapanda kitandani na koti lake la kazini, wakalala hivyo mpaka nesi wa zamu alipokuja kuwafukuza.

Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, muda mfupi kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mume wake alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mkono mmoja alikuwa nao binti na mwingine alikuwa nao mama yetu.

Juzi mkuu wa kundi alipiga simu tena. Alitoa pole, kisha akatuomba ruhusa. Kundi lilikuwa tayari kutangaza leo, siku ya mazishi, jina la marehemu likiwa la kwanza, ili dunia ijue alichokifanya. Aliomba kwa moyo mweupe, na wengi wetu tulitaka kukubali. Mimi nilitaka. Nilifikiria ukumbi ule na kimya kile, nikaona hii ndiyo dawa yake. Kaka yetu mkubwa naye alitaka. Mama ndiye aliyeuliza swali. Aliuliza, wakitangaza halafu ikawa siyo, binti yake atakuwa amekosea tena? Shemeji alisema hawezi kuamua, na macho yake yakaenda kwa mwanawe.

Binti alichukua simu. Huyu ndiye aliyekua akipangwa baada ya vumbi, na kama kuna mtu humu aliyekuwa na haki ya kusema amechoka na habari hizi, ni yeye. Alimwambia mkuu wa kundi, "Mama alisema bado. Na sisi tunasema bado." Akauliza wataangalia tena lini. Akaambiwa muda umepatikana, mwezi wa tano mwaka huu, na Mwalimu ndiye atakayekaa mbele ya skrini.

"Basi mtupigie mwezi wa tano," binti akasema. "Hata kama ni vumbi, mtupigie."

Kwa hiyo leo hatuwaambii kwamba dada yetu aliiona sayari. Tunawaambia kwamba aliitafuta vizuri.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mama mzazi, kaka mmoja na wadogo wawili, mashemeji, wakwe, wapwa saba, pamoja na Mwalimu na wanafunzi aliowafundisha kwa zaidi ya robo karne.

Dada, umefanya kazi yako, nenda ukapumzike. Mwenyezi Mungu akupokee na akuweke mahali penye amani.